Uta utangulie, bunduki ifuate: juu ya sheria za kuwinda katika Katanga yetu



Kila mwaka, kipwa ikianza, mvula imekwisha na nyasi zingali ndefu, habari inapita Lubumbashi na katika vijiji vya barabara ya Kasenga, ya Mitwaba na ya Sakania: kuwinda kumefunguliwa. Ni neno moja tu, lakini kila mutu analisikia kwa sikio lake. Muzee wa kijiji anashusha uta wake uliokuwa umetundikwa katika moshi wa jikoni. Kijana mwenye pupu anatafuta baruti na vipande vya chuma. Bwana wa mujini anasafisha kalibri 12, anajaza mazuti katika pikapu na kuita rafiki zake. Wote watatu wataingia pori moja, siku moja, nyuma ya nyama ileile. Na tangazo linawaambia wote watatu neno moja: ingieni.

Mimi nasema hapa kwamba hilo ni kosa. Si kosa dogo la karani, ni kosa linaloua desturi, na siku zingine linaua watu. Uta na bunduki si vitu vya mupango mumoja. Ukivipa majira mamoja bila kuweka mupaka kati yao, umekwisha kuchagua bunduki, hata kama haukuandika hivyo popote.

Najua katika shirika letu wako wenye kusema: «Ee, mwalimu, mambo ya uta ni ya ngoma na ya muzeo, acha tuzungumze mambo ya leo.» Nitawajibu. Lakini kwanza muniache nieleze namna jambo hili lilivyoingia katika nyumba yetu.

1. Mbawala wa mujomba wangu

Ilikuwa mwaka wa 1988, wakati jimbo letu lilikuwa likiitwa Shaba. Nilikuwa mwanafunzi, nimerudi kijijini kwa likizo kubwa. Mujomba wangu alikuwa mutu wa uta. Hakuwa na bunduki, na hakuitaka. Siku ile alifuata nyayo za mbawala tangu mapambazuko, mimi nikiwa nyuma yake mbali kidogo, maana alisema viatu vyangu vya shule vinapiga kelele. Alimufikia kwa hatua kama ishirini na tano, akaachilia mushale. Mushale uliingia nyuma ya mbavu.

Mutu asiyejua uta atasema: basi kimbia, umukamate. Hapana. Mwenye uta hakimbii nyuma ya nyama aliyoipiga. Akiikimbiza, itakwenda mbali sana na atapoteza nyayo. Anaketi, anatulia, anaacha damu ifanye kazi yake, kiisha anafuata polepole. Mujomba akaketi katika nyasi.

Njo hapo walipomupiga. Watu wa mujini, wenye bunduki mbili, walikuwa wakipita upande wa pili wa kijito. Mumoja aliona nyasi zinatikisika. Chembe za risasi zilimuingia mujomba katika bega na shingo. Alipolia, yule mutu alitupa bunduki chini akaja mbio, akitetemeka: «Nilizani ni nyama, bazee, nilizani ni nyama.» Namuamini. Hakuwa mutu mubaya.

Tulimubeba kwa kinga mpaka zahanati, usiku kucha. Yule mbawala walimukuta amelala hatua mia mbili mbele, mushale wetu ungali ndani yake. Wenzake waliipandisha nyama katika pikapu.

Kesi ilipofika mbele ya chefu, mwenye bunduki alionyesha permi yake, na muhuri juu yake. Kuwinda kulikuwa kumefunguliwa. Pori lilikuwa la ruhusa. Saa ilikuwa ya muchana. Chefu aliuliza: amevunja sheria gani? Hakuna aliyejibu, maana hakuna sheria aliyoivunja. Alilipa dawa, akatoa mbuzi, mambo yakaisha. Mujomba alisema neno moja tu, na mupaka leo silisahau: «Mi nilikuwa najificha nyama. Sikujua kama inafaa kujificha na muntu.»

Alipona, lakini mukono wa kuvuta uta haukurudi. Aliishi miaka mingi nyuma yake. Uta wake ulikaa katika moshi, hakuna aliyeushusha.

2. Uta si kitu cha muzeo

Wenye kusema uta ni wa ngoma tu wamesahau nchi wanamoishi. Kwa Waluba, hadisi ya ufalme inaanza na muwindaji: Mbidi Kiluwe, aliyetoka mashariki, akazaa Kalala Ilunga aliyemushinda Nkongolo Mwamba. Kwa Walunda, ni muwindaji pia, Chibinda Ilunga, aliyefika kwa Lueji na kubadilisha utawala. Neno chibinda lenyewe maana yake ni muwindaji. Wafalme wa Waluba walikuwa na vitu vya muti vilivyochongwa vizuri sana, kwa kutundikia uta na mishale ya ufalme, na havikuonyeshwa ovyo mbele ya watu. Leo vitu hivyo vinakaa katika majumba ya makumbusho ya Bulaya, na watu wanalipa ili kuviangalia. Hatuwezi kujivunia kitundikio tukaona haya mbele ya uta wenyewe.

Tena uta ulikuwa na chama na sheria zake. Buyanga ya Waluba ilikuwa chuo: kijana hakuingia porini juu ya sababu ana njaa na ana mukono. Alifundishwa nyayo, upepo, dawa, miiko, namna ya kugawa nyama, nani anapewa mukono na nani anapewa kifua. Aliyepiga wa kwanza, nyama ni yake, hata kama imeangukia mbele ya mutu mwengine. Aliyemalizia anapata fungu lake. Hii haikuwa adabu tu. Ilikuwa njia ya kuzuia watu wasiuane porini juu ya paja la nyama.

Sitaki mutu azani kwamba nachukia bunduki. Wachongaji wa Wachokwe walipomuchonga Chibinda Ilunga, muwindaji wa zamani za uta, katika sanamu zingine walimupa bunduki mukononi. Wazee wetu waliona bunduki, wakaitambua nguvu yake, wakaipa nafasi. Msiri wa Bunkeya alijenga ufalme wake juu ya shaba, pembe za tembo na bunduki zilizotoka pwani. Bunduki ina historia yake kwetu. Lakini kumupa mugeni nafasi si kumutoa mwenye nyumba.

3. Sheria yenye sikio moja

Tuangalie sheria bila hasira. Mwaka wa 1890, katika mapatano ya Bruxelles, wakubwa wa Bulaya walikataza kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, toka digri 20 za kaskazini mpaka digri 22 za kusini. Bunduki za zamani, za kushindilia baruti kwa mudomo, ziliachwa zipite. Hapo njo mupangilio tulionao leo ulipoanza: bunduki nzuri kwa wenye cheo, pupu kwa mutu wa kijiji, na uta kwa asiye na kitu. Mwaka wa 1933, London, walikutana tena juu ya kulinda nyama za pori, wakakataza kuwinda kwa sumu, kwa moto wa kuzunguka, kwa nyavu, mashimo na mitego ya kamba. Wakakataza pia kuwinda kwa motokari na kwa taa za usiku. Mingi ya makatazo haya ni mazuri. Lakini angalieni: sehemu kubwa ya orodha ile ilikuwa mambo ya mwanakijiji. Nyavu na shimo vilikatazwa. Bunduki ya muzungu ilipewa karatasi.

Baada ya uhuru, Afrika yenyewe, Algiers mwaka wa 1968, iliandika mapatano yake juu ya viumbe na udongo, na ikakataza vile vile silaha zenye sumu. Kwetu, sheria ya kuwinda ni ile namba 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982. Mwaka wa 2004 waziri alitoa agizo la kuitekeleza. Sheria ile inatambua permi za namna nyingi: ya michezo, ya utalii, ya sayansi, tena ya mutu wa kijiji na ya watu kwa pamoja. Kwa hiyo Leta inajua vizuri kwamba wawindaji si wamoja. Imewatenganisha katika karatasi. Imewatenganisha katika feza wanazolipa. Lakini matangazo ya kufungua niliyoyasoma mimi, tangu ujana wangu, hayakuwatenganisha katika siku wala katika pahali. Yanasema kuwinda kumefunguliwa, basi.

Na pahali sheria haisemi kitu, methali moja tu inabaki kutawala: mwenye nguvu mupishe.

4. Shida yenyewe iko wapi

Sasa tufike katika kiini. Watu wengi wanafikiri ubaya wa kuchanganya majira ni kwamba bunduki inamaliza nyama mbele ya uta. Ni kweli, bunduki moja ikilia asubuhi, nyama za bonde zima zinahama, na mwenye uta aliyetembea tangu saa kumi ya usiku anarudi mikono mitupu. Lakini hiyo ni nusu ya jambo.

Nusu ya pili ni hii. Kazi yote ya uta ni kutokuonekana. Mwenye uta anapaswa kufika hatua ishirini ao thelathini. Anavaa rangi ya majani makavu. Anatambaa. Anakaa saa nzima bila kutikisa mukono. Anajifanya nyama ili nyama isimujue. Mwenye bunduki, yeye, yuko mbali. Anaona kitu kinatikisika, ana nukta mbili za kuamua, na chombo chake hakirudishi neno. Risasi ya bunduki kubwa inaweza kuruka zaidi ya kilometre tatu kama haikukuta kitu. Mushale unaanguka karibu, na mwenyewe anaona unakoanguka. Kwa hiyo ukiwaweka watu hawa wawili katika nyasi zilezile siku ileile, umemuweka mumoja aliyefundishwa kufanana na nyama mbele ya mwengine aliyefundishwa kupiga kinachofanana na nyama. Bahati mbaya si neno lake. Ajali ya mujomba wangu ilikuwa imeandikwa katika kalendari.

Na kalendari nzuri tunayo tayari, nyasi zenyewe zinatupa. Mwanzo wa kipwa, mwezi wa tano na wa sita, nyasi zingali zimesimama. Huo ni wakati wa uta: kuna pa kujificha, kuna umande wa kushika nyayo, udongo haujawa chuma. Mwenye bunduki haoni mbali wakati huo, na kwa sababu haoni mbali, anapiga kwa kubahatisha. Toka mwezi wa saba moto unaanza kupita, pori linafunguka, mutu anaona mutu kwa mbali. Huo ni wakati wa bunduki. Mwenye uta hana kitu cha kufanya katika majivu, labda kukaa kwenye maji. Wazee hawakuandika kalendari hii juu ya karatasi, lakini nyasi zinairudia kila mwaka. Kwa nini sheria ya leo ishindwe kusoma kitu ambacho muchungaji wa mbuzi anakisoma?

5. Wengine wamefanya namna gani

Watu wa Bulaya na Marekani, tunaozani wameacha uta zamani sana, wameurudia, na wameuwekea sheria. Katika Marekani, jimbo la Wisconsin liliwawekea wawindaji wa uta majira yao ya paa mwaka wa 1934. Leo kule uta unafunguliwa katikati ya mwezi wa tisa; bunduki inangoja mpaka karibu na mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na majira yake makubwa ni siku tisa. Zile siku tisa mwenye uta hafukuzwi. Lakini lazima avae nguo yenye rangi kali, ya machungwa ao ya waridi, sawasawa na mwenye bunduki, ili asizaniwe kuwa paa. Katika Ufaransa, kuwinda kwa uta kuliruhusiwa mwaka wa 1995, na anayetaka kuingia katika kazi hiyo lazima apite siku ya mafunzo kwanza. Njo kusema: uta wanauhesabu kuwa kitu cha kujifunza, kama Buyanga ilivyokuwa.

Kinyume chake kiko Kenya. Nasema nchi ya Kenya, si komini yetu. Kule waliishi Wawata, ambao wengine wanawaita Waliangulu, watu wa uta mukubwa waliowinda tembo kwa mishale ya sumu. Mwaka wa 1948 parki ya Tsavo ilifunguliwa juu ya pori lao. Mwaka wa 1956 na 1957 serikali ya kikoloni ilifanya vita kubwa ya kuwakamata, na ilishinda. Karibu na mwaka wa 1960 walijaribu kuwapa Wawata kazi ya kuwinda kwa ruhusa kandokando ya muto Galana, lakini mupango haukudumu. Uta ulikuwa umeondoka porini. Je, tembo walipona? Makadirio yanayotajwa sana yanasema Kenya ilikuwa na tembo kama 167,000 mwaka wa 1973. Mwaka wa 1977 kuwinda kote kulikatazwa. Mwaka wa 1989 tembo waliobaki hawakufika 20,000. Hawakumalizwa na mishale. Walimalizwa na bunduki za kivita na bei ya pembe. Waliofukuzwa ni watu waliojua kila kisima na kila nyayo, na ambao wangeweza kuwa macho ya pori lile.

Sisi pia tumeona jambo hilo. Miaka ya vita, silaha za kivita zilitapakaa toka Manono mpaka Mitwaba na Pweto. Upemba, parki ya tangu 1939, na Kundelungu ya tangu 1970 zimeumia sana, hata punda milia wetu wa mwisho wamebaki wachache kule. Sijasikia hata mutu mumoja akisema ni uta uliofanya hivyo.

6. Najibu wanaonipinga

Wa kwanza wanasema: uta unaumiza nyama bila kuiua, bunduki ni huruma. Nakubali nusu. Uta katika mukono wa mujinga ni mateso. Lakini pupu yenye vipande vya misumari, inayopigwa hatua sitini, nayo ni huruma? Kama shida ni ujuzi, basi tufundishe, kama Wafaransa. Tusikatalie wajuzi juu ya makosa ya wajinga.

Wa pili wanasema: uta umekwisha, vijana hawautaki, wanataka waya na pupu. Hii inaniuma maana iko na ukweli. Katika vijiji vingi, waya ya breki ya kinga imeshinda kila kitu. Lakini ulizeni kwa nini. Kijana anayechukua uta anajua kwamba bunduki itamutangulia kila siku, itamuchukulia nyama, na inaweza kumupiga. Angalau waya haimuhatarishi. Tumelifanya pori kuwa pahali ambapo mutu wa haki ndiye anayepoteza, kiisha tunashangaa kwamba vijana wamekuwa wategaji. Na nani anayekula nyama ile? Ni sisi wa mujini. Masoko yetu ya Lubumbashi hayaulizi kama nyama ilikufa kwa mushale, kwa risasi ao kwa waya.

Wa tatu ni ndugu zangu wa desturi, na hao njo wananisumbua zaidi. Wanasema: sheria ya Leta ni ya bazungu, uta hauombi ruhusa, tuachiwe pori la mababu bila masharti. Ndugu, hapana. Mababu hawakuwinda bila masharti. Buyanga ilikuwa masharti matupu. Mutu anayesema desturi haina sheria hajaijua desturi, ameijua njaa yake. Kama tunataka Leta itupe siku zetu, lazima na sisi tutoe kitu. Sumu tuiache, hata kama mababu waliitumia. Nyama zilikuwa nyingi wakati wao, na watu wachache. Waya mufukoni mwa mwenye uta ni uongo. Nyama zilizolindwa na sheria tusiziguse, na mupaka wa parki tuuheshimu.

Hao hao wa desturi wanachekelea pia habari ya nguo ya rangi kali. «Muwindaji wa Kiluba na jile ya machungwa, kama mutumishi wa barabara!» Wacheke. Jile hizo zimejaa katika muji huu wa migodi, ziko katika kila nyumba, hata kufagilia kiwanja watu wanazivaa. Na musisahau jambo moja: macho ya swala na paa si kama yetu, rangi ile ya machungwa haiwaruki machoni namna inavyoturuka sisi. Kinachomusaliti muwindaji mbele ya nyama ni mutikisiko na harufu, zaidi ya rangi. Basi kitambaa kile kinamuficha mutu na nyama, na kinamuonyesha kwa mutu mwenzake. Njo kitu kilekile mujomba wangu alikosa. Kama angekuwa na kitambaa cha franka chache mugongoni, angevuta uta wake mpaka uzee.

7. Tunachoomba

Sitaki kumaliza kwa kulia. Nataka shirika letu lichukue maneno haya, liyajadili, liyaandike vizuri na kuyapeleka kwa wakubwa wa jimbo. Tangu 2015 Katanga imegawanyika majimbo manne, na Haut-Katanga ina wakubwa wake karibu hapa Lubumbashi. Hatuna tena sababu ya kusema ofisi iko mbali.

Tuombe hivi. Kwanza, kuwinda kukifunguliwa, wiki sita za mwanzo ziwe za uta peke yake, nyasi zikiwa zimesimama. Bunduki, na pupu pamoja nayo, zingoje mpaka pori lifunguke.

Pili, wakati wote wawili wana ruhusa, chefu agawe pori kwa kijito ao kwa barabara: upande huu uta, upande ule bunduki. Mwenye bunduki atokaye mujini apite kwanza kwa chefu, aseme wako wangapi na wanaingilia wapi. Kupita kwa chefu si rushwa, ni kujulisha. Chefu atakayeligeuza kuwa mufuko wake, kijiji kimushitaki.

Tatu, siku hizo za pamoja, kila mutu avae kitambaa cha rangi kali kichwani na mugongoni, wa uta na wa bunduki. Aliyepiga bila kutambua anachokipiga asijitetee kwa kusema «nilizani». Neno hilo liandikwe kuwa kosa, si kuwa samahani.

Nne, aliyepiga wa kwanza, nyama ni yake, na mushale ulio ndani ya nyama ni ushuhuda. Aliyemalizia kwa risasi apewe mukono mumoja. Desturi hii haiombi franka hata moja ya Leta. Inaomba tu iandikwe.

Tano, kabla ya kijana kupewa ruhusa ya uta, wazee wamupitishe. Tuko na wazee wachache sana waliobaki wanaojua kusoma nyayo na kungoja damu. Wakifa, hata tukipewa majira ya uta hatutakuwa na mutu wa kuyatumia.

Mutu atauliza: kelele hizi zote juu ya wazee wachache na mishale yao? Ndiyo. Juu ya sheria inapimwa kwa namna inavyomulinda mwenye chombo kizaifu, si kwa namna inavyomufungulia njia mwenye chombo kikubwa. Bunduki haihitaji kulindwa na mutu; inajilinda yenyewe kwa sauti yake. Uta ndio unaohitaji siku zake, na anayeubeba anahitaji kurudi nyumbani akiwa muzima.

Uta wa mujomba niko nao hapa nyumbani, Lubumbashi. Kamba yake imekatika, muti ungali muzuri. Watoto wananiuliza kama unafanya kazi. Nawajibu: muti unafanya, kalendari njo haijatengenezwa.

Ni hayo, ndugu wasomaji. Anayenipinga aandike, nami nitamusoma.